Kutoka Orodha hadi Hukumu: Historia ya Kuwaondoa Kazini Watumishi wa Shule Waliotiwa Hatiani nchini Rwanda

Utangulizi

Sheria inayosema kwamba mtumishi wa shule aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa aondolewe kazini inaonekana kuwa jambo jepesi. Hakuna mzazi anayetaka mtoto wake afundishwe na muuaji, au chakula chake kipikwe na mtu aliyefungwa kwa kunajisi watoto. Kwa hiyo wengi wetu tukiikuta sheria kama hiyo tunaipita haraka, kama tunavyozipita ibara za likizo na mishahara. Lakini nchini Rwanda, na hasa huku kwetu kusini-magharibi, sheria hiyo ina historia nzito. Kabla watu hawajaondolewa shuleni kwa hukumu, waliwahi kuondolewa kwa orodha. Walioona orodha zile bado wamo miongoni mwetu.

Insha hii inaeleza safari hiyo kuanzia miaka ya 1972 na 1973 hadi sheria za sasa. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya sheria hizi iko katika neno moja, nalo ni hukumu. Mtu anaondolewa kwa alichokitenda na kikathibitishwa mbele ya mahakama, wala haondolewi kwa alivyozaliwa au kwa alivyosemwa. Hata hivyo, hukumu huchelewa, na mtoto hawezi kusubiri. Nitaonyesha kwamba ugumu wote wa sheria hizi umo katika muda ule ulio kati ya tuhuma na hukumu.

Mto mmoja, orodha mbili

Ruhwa ni jina la mto na pia la kituo cha mpakani karibu na Bugarama, katika wilaya ya Rusizi, eneo ambalo hadi mwanzo wa mwaka 2006 lilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu. Ng'ambo ya mto ni Cibitoke, Burundi. Wanaovuka hapo huzungumza Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili, na mara nyingi lugha zote tatu katika mazungumzo mamoja. Kwa mada hii mto huu ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu katika muda wa mwaka mmoja kingo zake zote mbili ziliona watu wa shule wakiondolewa bila kesi.

Upande wa Burundi, mauaji yaliyoanza mwishoni mwa Aprili 1972 yaliwalenga hasa Wahutu waliosoma. Walimu, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu walichukuliwa wakiwa shuleni, wengi wao baada ya majina yao kusomwa kutoka kwenye orodha. Hawakufutwa kazi tu, waliuawa. Walionusurika walikimbilia nchi jirani, wakiwemo waliovuka kuja Rwanda.

Upande wa Rwanda, miezi michache baadaye, orodha nyingine zilibandikwa. Kuanzia Februari 1973, katika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare na baadaye katika shule za sekondari na seminari, majina ya wanafunzi na watumishi Watutsi yaliwekwa kwenye kuta na milango wakiamriwa waondoke. Waliojiita kamati za wokovu wa umma ndio waliosimamia kazi hiyo. Kutoka shuleni zoezi lilienea hadi wizarani, kwenye mabenki na kwenye kampuni. Fujo hizo ziliudhoofisha utawala wa Grégoire Kayibanda, na tarehe 5 Julai 1973 Juvénal Habyarimana akachukua madaraka. Waliofukuzwa, hata hivyo, hawakurudishwa kwa jumla, na mfumo wa viwango vya kikabila ukaendelea kuamua nani asome na nani aajiriwe.

Tunapaswa kuitazama orodha ile kama hati ya kihistoria. Ilikuwa na jina, lakini haikuwa na kosa. Haikuwa na tarehe ya tendo, shahidi, utetezi wala rufaa. Wala haikuwa kwamba nchi haikuwa na sheria, kwani jinai ziliainishwa na watumishi wa serikali walikuwa na kanuni zao. Sheria hizo zilikaa kwenye makabati wakati mwalimu asiye na kosa akifunga mzigo wake. Hili ni funzo la kwanza: sheria ya kumwondoa mtumishi mbaya haina maana mahali ambapo mtumishi mwema anaweza kuondolewa bila sheria.

Mwalimu ndani ya mauaji ya kimbari

Mwaka 1994 swali liligeuka. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, shule zilikuwa miongoni mwa mahali pa kukimbilia, na kwa sababu hiyo zikawa mahali pa kufia. Tarehe 11 Aprili watu waliokuwa wamekimbilia shule ya ufundi ya ETO Kicukiro, Kigali, waliachwa na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, kisha wakauawa. Siku kumi baadaye yalifuata mauaji katika shule ya ufundi ya Murambi, Gikongoro, ambako leo kuna makumbusho.

Miongoni mwa wauaji walikuwemo walimu. Jambo hili linaumiza kuliko mengi, kwa kuwa mwalimu alikuwa akiwajua watoto kwa majina, na katika mfumo wa wakati ule alijua pia kabila lililoandikwa kwa kila mmoja. Mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, Jean-Paul Akayesu, alikuwa mwalimu na mkaguzi wa shule za msingi kabla ya kuwa burugumesta wa Taba. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani tarehe 2 Septemba 1998 na kumhukumu kifungo cha maisha. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM, alikuwa profesa wa historia. Alihukumiwa mwaka 2003 kifungo cha maisha, na rufaa ya mwaka 2007 ikakipunguza kuwa miaka 30. Sisi tunaosoma historia hatuwezi kulisahau hilo: somo letu lenyewe lilitoa mtu wa namna hiyo.

Shule za msingi zilianza kufunguliwa tena Septemba 1994. Walimu wengi walikuwa wameuawa na wengine wamekimbia nchi. Waliobaki walikuwa na makundi mawili ndani yao, walionusurika na waliotuhumiwa, na pengine walikaa katika chumba kimoja cha walimu. Mwanafunzi yatima angeweza kumkuta mbele ya ubao mtu ambaye majirani walimtaja katika kifo cha wazazi wake. Serikali ingefanya nini? Kuandika orodha mpya kungekuwa rahisi. Kutofanya lolote kungekuwa kuwasaliti watoto.

Sheria ya 1996 na mahakama za Gacaca

Jibu lilikuja hatua kwa hatua. Sheria ya tarehe 30 Agosti 1996 iligawa washtakiwa wa mauaji ya kimbari katika makundi manne kulingana na uzito wa matendo, kuanzia waliopanga na kuongoza hadi walioharibu mali tu. Pamoja na kifungo, sheria hiyo iliweka adhabu ya kunyang'anywa haki za kiraia, nayo ikapimwa kwa kundi: waliokuwa kundi la kwanza wanyang'anywe haki zote daima, na walio chini yao wapoteze baadhi. Kwa hiyo kufungiwa milango ya utumishi kulikuwa sehemu ya hukumu yenyewe. Hakukuwa uamuzi wa mkuu wa shule aliyekasirika.

Sheria za Gacaca zilisema wazi zaidi. Katika sheria ya tarehe 19 Juni 2004 na marekebisho yake ya miaka ya 2007 na 2008, kufundisha kulitajwa miongoni mwa kazi zilizofungwa kwa waliotiwa hatiani katika makundi mazito, pamoja na kazi za tiba na za ulinzi wa nchi. Kundi la waliopora au kuharibu mali halikuwekewa katazo hilo, wao walitakiwa kulipa. Mgawanyo huu ni wa maana. Mwalimu aliyechukua mabati ya jirani na mwalimu aliyeshiriki kumuua jirani hawakuwekwa kapu moja, ingawa wote wawili walimkosea mtu yuleyule.

Mahakama za Gacaca zilifungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, baada ya kusikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Kati ya waliokiri, wengi walitumikia sehemu ya adhabu kwa kazi za manufaa ya umma, zinazojulikana kwa kifupi cha TIG. Walipasua mawe, walilima matuta, walijenga nyumba za wasiojiweza na madarasa. Hapo kuna jambo la kutafakari: mwalimu wa zamani aliyetiwa hatiani aliweza kulijenga darasa kwa mikono yake, lakini hakuruhusiwa kuingia humo na chaki. Wengine husema huku ni kuadhibu mara mbili. Mimi naona sheria ilitofautisha vizuri mambo mawili, yaani kurudi katika jamii na kurudi katika mamlaka juu ya watoto. La kwanza tulilihitaji ili nchi iishi, na watoto walihitaji la pili lizuiwe.

Hata hivyo, hukumu zilichelewa. Magereza yalijaa washtakiwa zaidi ya laki moja, wengi wakisubiri miaka mingi bila kusikilizwa. Huku Cyangugu tuna mifano ya kesi za Arusha. Yusuf Munyakazi, aliyeongoza Interahamwe wa Bugarama, alitiwa hatiani mwaka 2010 kwa mauaji ya parokia za Shangi na Mibilizi yaliyofanyika mwishoni mwa Aprili 1994, yaani miaka 16 baadaye. Kwa upande mwingine, aliyekuwa mkuu wa mkoa, Emmanuel Bagambiki, aliachiwa huru na mahakama hiyohiyo mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 haikubadilisha matokeo. Watu wengi hawakuridhika. Lakini anayetaka hukumu badala ya orodha lazima akubali kwamba hukumu ina njia mbili, na kwamba moja kati yake ni kuachiwa.

Miezi sita: sheria ya kila siku

Makosa ya mwaka 1994 yalihitaji sheria za pekee. Kwa makosa mengine, mtumishi wa shule ya serikali anaongozwa na sheria za utumishi wa umma: ile ya mwaka 2002, ile ya tarehe 11 Septemba 2013, na ile ya Oktoba 2020. Walimu pia wana kanuni zao katika Amri ya Rais ya tarehe 16 Machi 2020. Kipimo kilichozoeleka katika sheria hizi ni kifungo cha miezi sita. Mtumishi aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi kwa hukumu ya mwisho, isiyoweza tena kukatiwa rufaa, hupoteza kazi yake.

Maneno "hukumu ya mwisho" yanabeba mzigo mkubwa. Yanamlinda mwalimu aliyezushiwa na jirani wanayegombania shamba, au na mwanafunzi aliyefeli. Ndiyo sababu sheria hutenganisha kumsimamisha mtu na kumwachisha kazi. Kumsimamisha ni hatua ya muda wakati uchunguzi unaendelea, kumwachisha ni mwisho. Anayezichanganya hatua hizi mbili huishia ama kumhukumu mtu kabla ya mahakama, ama kumwacha mtuhumiwa aendelee kushika funguo za bweni.

Mtihani mmoja wa utaratibu huu ulitokea mwaka 2008. Baada ya tume ya Bunge kuchunguza itikadi ya mauaji ya kimbari katika shule, baadhi ya walimu na wakuu wa shule walisimamishwa au kuondolewa. Hofu ya wabunge ilikuwa na msingi, kwani wanafunzi walionusurika walikuwa wakitishwa na wenzao, na kumbukumbu ya shule ya Nyange ilikuwa bado mbichi. Huko Nyange, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi waliuawa kwa kukataa kujitenga kikabila. Julai 2008 ikatungwa sheria ya kuadhibu itikadi hiyo, ikiwataja walimu na wakuu wa shule kwa adhabu nzito. Wanasheria wengi walilalamika kwamba kosa lilielezwa kwa upana mno. Sheria ya mwaka 2013 na ile ya mwaka 2018 zikalieleza kwa maneno mahususi zaidi. Marekebisho haya yanaonyesha kwamba hukumu ni ya haki tu pale ambapo kosa lenyewe linajulikana mipaka yake.

Kwa makosa dhidi ya watoto, sheria ya jinai ya tarehe 30 Agosti 2018 haina upole. Kumnajisi mtoto kuliwekewa kifungo cha miaka 20 hadi 25, na cha maisha iwapo mtoto hajafikisha miaka 14. Mwalimu aliyehukumiwa hivyo, suala la kazi yake limejimaliza lenyewe. Anayebaki kutusumbua ni yule ambaye bado hajahukumiwa, au aliyehukumiwa mahali pengine.

Mapengo yaliyobaki

Pengo la kwanza ni muda wa kusubiri. Uingereza ililitambua kwa njia ya uchungu. Agosti 2002 wasichana wawili waliuawa katika mji wa Soham na Ian Huntley, aliyekuwa mtunzaji wa majengo ya shule ya sekondari ya hapo. Baada ya hukumu yake, Desemba 2003, ikajulikana kwamba alikuwa ameshatuhumiwa mara kadhaa kwa makosa ya kingono katika eneo jingine, ila tuhuma hizo hazikuwa zimemfikia mwajiri. Uchunguzi uliofuata ulizaa sheria ya mwaka 2006 ya kuwachunguza wote wanaofanya kazi na watoto. Kwetu sisi tunaokumbuka orodha za 1973, kumzuia mtu kazi kwa tuhuma kunatisha. Kwa wazazi wa Soham, kungoja hukumu kulitisha zaidi. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa.

Pengo la pili ni la watumishi wasio walimu. Huntley hakuwa mwalimu. Katika shule zetu wapo mlinzi, mpishi, mtunza bweni, fundi. Tangu chakula cha shuleni kilipopanuliwa hadi ngazi zote za elimu ya msingi na sekondari mwaka 2021, wapishi wameongezeka, na wengi huajiriwa na shule yenyewe. Cheti cha rekodi ya jinai kinapatikana Rwanda kwa njia ya Irembo, bila safari ndefu. Kukidai kwa mwalimu na kutokidai kwa mlinzi wa usiku ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Pengo la tatu ni mpaka. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza Julai 2010 linamruhusu mfanyakazi kuvuka, na ni jambo jema, kwa kuwa Kiswahili chetu chenyewe kinahitaji walimu kutoka nchi jirani. Lakini hukumu haivuki pamoja na mtu. Aliyefungwa Cibitoke au Bukavu anaweza kufika Rusizi akiwa na cheti safi, kwa sababu cheti cha Kigali kinajua mahakama za Rwanda tu.

Kenya inatupa mfano wa kujifunza. Waraka wa Tume ya Huduma ya Walimu wa mwaka 2010 uliwataka walimu na wakuu wa shule kutoa taarifa za unyanyasaji wa kingono, na sheria ya tume hiyo ya mwaka 2012 inaruhusu kufuta jina la mwalimu katika rejista na kulitangaza. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliiwajibisha tume hiyo pamoja na serikali kwa vitendo vya mwalimu aliyewadhulumu wanafunzi wawili wa Nakuru, ikaamuru walipwe fidia ya mamilioni ya shilingi. Kwa maneno mengine, mwajiri aliyemweka mtu karibu na watoto naye ana deni.

Angalieni kwamba majina yaliyofutwa Kenya hutangazwa katika orodha. Tumerudi kwenye orodha, lakini hii imekuja mwisho wa utaratibu, baada ya mtu kushtakiwa, kusikilizwa na kupewa nafasi ya kujitetea. Ile ya 1973 ilikuja mwanzo, na baada yake hapakuwa na kitu kingine.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha hatua tatu. Miaka ya 1972 na 1973, pande zote mbili za mto Ruhwa, watu wa shule waliondolewa kwa kabila. Baada ya 1994, Rwanda ilichagua kuwaondoa waliotenda jinai kwa hukumu, na ikaipima adhabu kwa uzito wa tendo. Leo kipimo hicho kimekuwa sheria ya kawaida ya utumishi, ingawa kina mapengo katika muda wa kusubiri, kwa watumishi wasio walimu na mpakani.

Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, anayetuhumiwa kumdhuru mtoto aondolewe karibu na watoto mara moja, akiwa bado na mshahara na jina lake, hadi mahakama iseme. Pili, cheti cha rekodi ya jinai kidaiwe kwa kila anayelipwa ndani ya uzio wa shule, ya serikali au ya binafsi. Tatu, nchi za Afrika Mashariki zikubaliane kupeana taarifa za hukumu zinazohusu watoto.

Suala hili si la zamani. Waliohukumiwa vifungo virefu kwa mauaji ya kimbari wanaendelea kumaliza adhabu na kurudi vijijini, na baadhi yao waliwahi kuitwa mwalimu. Tutakutana nao sokoni, msikitini, kanisani na katika umuganda, na inabidi tuishi nao. Darasani ndipo sheria imesema hapana. Ikiwa mwanafunzi atauliza kwa nini, tuwe na la kumjibu: mtu huyo alisikilizwa kwanza, jambo ambalo walimu wa 1973 hawakupewa.